Masomo ya binti na ya mama yake: maswali ninayoulizwa sana hapa Lamu

Nilifundisha shule za msingi za kaunti hii kwa miaka mingi, kwanza kisiwani Pate, kisha hapa mjini Amu, yaani mji wa Lamu, na tangu nistaafu nimekuwa mtu wa kuulizwa. Naulizwa barazani, naulizwa arusini kabla pilau haijapakuliwa, naulizwa ndani ya boti kutoka Mokowe, mtu akipaza sauti kuishinda injini. Maswali ni yale yale. Na nimeona mara nyingi mtoto akipoteza mwaka mzima kwa sababu mzazi hakujua jambo ambalo barua moja ingelimaliza. Basi nimeyaandika hapa. Mengi yanahusu mabinti, na mengine yanahusu mama zao, kwa kuwa wapo wanaoniuliza kwa sauti ya chini kama wao pia bado wana nafasi.

Serikali yasema masomo ni bure. Mbona kila muhula naombwa pesa?

Kinachoitwa bure ni ada ya mafunzo, si kila kitu. Shule za msingi za umma ziliacha kutoza karo Januari 2003, na mwaka ule tulipokea watoto mpaka wengine wakakaa sakafuni. Nakumbuka mabinti wakubwa wakiingia darasa la kwanza wamewashika mikono wadogo zao, wote wawili wageni wa kalamu. Sekondari za kutwa zikafuata mwaka 2008. Kwa mpango uliopo, serikali hutenga kwa mwaka shilingi 1,420 kwa kila mtoto wa msingi, 15,042 kwa wa sekondari msingi (gredi ya saba hadi ya tisa) na 22,244 kwa wa sekondari. Pesa hizo mara nyingi huchelewa kufika shuleni, tena zikiwa pungufu, na hapo ndipo mwalimu mkuu anapowageukia wazazi.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule ya umma kumtoza mtoto ada ya mafunzo au ada ya kusajiliwa. Michango mingine inaweza kuwepo ikiwa imeidhinishwa na wizara, lakini sheria hiyo hiyo inasema mtoto asizuiwe kuhudhuria shule kwa kuwa michango haijalipwa. Ukiombwa pesa, uliza kwa adabu: hii ni ya nini, nani ameiidhinisha, na risiti naipata wapi? Maswali hayo matatu yameshapunguza michango mingi ninayoijua.

Nimeanza na pesa kwa makusudi. Nyumba ikiwa na pesa ya mtoto mmoja tu, anayekalishwa nyumbani kwanza ni binti.

Je, sheria inanilazimisha kumpeleka binti shule?

Ndiyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo bure na ya lazima. Haisemi mvulana, haisemi msichana, inasema kila mtoto. Na kwa sheria, elimu ya msingi haiishii darasa la sita, inajumuisha sekondari pia. Mzazi anayemzuia mtoto bila sababu ya maana anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Huku kwetu sijaona mzazi akifikishwa huko, na sipendi kumtisha mtu. Lakini machifu wanaijua sheria hiyo, na kwa sera ya kila mtoto avuke kutoka msingi hadi sekondari, iliyoshika kasi tangu 2018, wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuuliza watoto waliofanya mtihani wako wapi.

Mume wangu asema binti akishahitimu msahafu yatosha, skuli ni ya nini?

Mwambie kwanza Mwenyezi Mungu amjaalie kheri kwa kumsomesha Qurani, maana hilo ni jambo kubwa na si wote wanalolifanya. Kisha muulize ni nani aliyesema vitu hivi viwili vinapigana. Neno la kwanza kuteremshwa ni Soma. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alipokea na kusimulia hadithi zaidi ya elfu mbili, na masahaba wazima walikuwa wakimwendea kumuuliza. Huyo ni mwanamke, na alikuwa mwalimu wa wanaume.

Kwa uzoefu wangu, baba wengi wanaposema maneno hayo hawasemi dini hasa. Wanasema hofu. Hofu ya njia, hofu ya bweni asilolijua, hofu ya mwalimu wa kiume, hofu ya maneno ya watu. Hofu hizo zina majibu, na majibu yake ni ya vitendo: nani atakwenda naye, atalala wapi, nani ni msimamizi wa bweni, ana namba ya nani mkononi. Nimeona baba aliyekataa kwa mwaka mzima akikubali siku moja alipokaribishwa kuliona bweni kwa macho yake, akaona kufuli mlangoni na mama mtu mzima anayelinda. Aliuliza swali moja tu: wapi wataswalia? Alipooneshwa, akatoa nusu ya karo pale pale.

Kuna pia jambo la saa. Watoto wetu wana chuo, yaani madrasa, asubuhi mapema au alasiri, na wikendi. Shule ikiweka masomo ya ziada Jumamosi, mtoto anavutwa huku na huku mpaka achoke na vyote viwili. Zungumzeni na ustadhi na mwalimu kwa pamoja, ikiwezekana siku moja, mahali pamoja. Hilo huwezekana, tumeshalifanya.

Binti yangu hukosa shule siku nne au tano kila mwezi. Nifanye nini?

Hili ndilo swali ambalo mama huniuliza akiwa amegeuza uso, na ndilo ningependa tulizungumze wazi kuliko yote.

Nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la saba, mtoto mwepesi wa hesabu, aliyekuwa akikaa benchi la mbele. Siku moja kengele ya mapumziko ililia, wenziwe wakatoka, yeye akabaki. Nilidhani anaumwa. Nilipokaribia nikaona ameushika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili, na ndani ya mkoba, kupitia zipu iliyoharibika, kipande cha kanga kuukuu kilichokunjwa mara nne. Kile alichokuwa amevaa kilikuwa kimeshalowa. Choo cha wasichana hakikuwa na maji wala mlango unaofunga. Alikuwa akingoja shule nzima irudi darasani ndipo atoke yeye. Siku zilizofuata hakuja. Nilihesabu kwenye rejista: mwaka ule alikosa siku nyingi kuliko muda wa likizo ya Agosti.

Sasa sikiliza. Tangu Juni 2017, sheria ya elimu ilipofanyiwa marekebisho, serikali inawajibika kumpa kila msichana aliyebaleghe, aliyesajiliwa shule ya umma, sodo za bure, za kutosha na zenye ubora, pamoja na njia salama ya kuzitupa. Hiyo si sadaka ya mwanasiasa. Ni haki iliyoandikwa. Kodi ya sodo yenyewe iliondolewa mapema zaidi, mwaka 2004. Ugawaji umepita mikono kadhaa, na sasa mara nyingi huja kupitia hazina ya NGAAF, ile ya ofisi ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Nitasema ukweli: zinakuja kwa vipindi, na kisiwani zinafika nyuma ya kila mtu. Kwa hiyo mambo matatu ninayowashauri mama. Muulize mwalimu wa kike anayesimamia wasichana lini mara ya mwisho zilipokelewa na ngapi, kwa kuwa daftari la kupokea lipo. Pili, peleka suala la maji na mlango wa choo kwenye mkutano wa wazazi, kwa kuwa sodo bila maji ni nusu ya kazi. Tatu, mfundishe binti kabla siku haijafika. Wengi wetu tulifundishwa na somo, yaani kungwi, wakati umeshapita, na mabinti wa siku hizi wanawahi.

Baba nao wasikilize. Bajeti ya nyumba ikiwa na pesa ya vocha, pesa ya pedi ipo.

Sekondari msingi iko hapa kijijini. Baada ya gredi ya tisa itakuwaje?

Hapa ndipo ninapowapoteza mabinti. Mfumo mpya ulipoiweka sekondari msingi ndani ya shule za msingi, kuanzia Januari 2023, ulitufanyia wema ambao watu wa visiwani hawajausifu vya kutosha. Binti wa Kizingitini au wa Ndau anakaa kwao mpaka gredi ya tisa, analala kwa mama yake. Kisha mlango unafunguka kwa ghafla: gredi ya kumi, ambayo darasa lake la kwanza lilianza Januari 2026, iko kwenye sekondari pevu, na kwa wengi wetu sekondari pevu iko ng'ambo ya maji.

Mtu wa bara hajui maana ya kauli hiyo. Kutoka upande wa Faza hadi Amu, boti hupita Mkanda, kile kijia chembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na nahodha huangalia maji kwanza, maana yakipwa njia haipitiki vizuri. Kusi ikivuma bahari huchafuka. Mtoto wa kiume ataambiwa panda, utafika. Binti ataambiwa ngoja kesho. Na kesho ya binti ina tabia ya kuwa muhula ujao. Mama mmoja wa Pate aliniambia, "Ndia ya mai siiogopi, nimezawa nayo. Naogopa nauli ya kumrejesha kila mfungo." Yaani njia ya maji haiogopi, amezaliwa nayo, anaogopa nauli kila shule zikifungwa. Alikuwa amepiga hesabu kuliko sisi wote.

Kwa hiyo panga mapema, binti akiwa bado gredi ya nane. Kabla ya KJSEA, mtihani wa mwisho wa gredi ya tisa, mtoto huchagua mkondo (sayansi na hesabu, sayansi za jamii, au sanaa na michezo), na huchagua shule 12, za bweni na za kutwa. Keti naye mnapochagua. Msijaze shule za mbali zenye majina tu, na msimsukume kwenye mkondo mnaoudhania mwepesi kwa kuwa ni msichana. Wauguzi wa zahanati zetu, na mabinti wanaorekebisha sola huko visiwani, wametoka kwenye hesabu zile zile tunazowaambia hawaziwezi.

Na karo ya bweni nitaitoa wapi?

Karo ya bweni ina kikomo kilichowekwa na wizara: shilingi 53,554 kwa mwaka kwa shule za kitaifa na zile za kundi lake, na 40,535 kwa nyingine nyingi. Hapo hujahesabu godoro, sanduku, sare na nauli. Kwa mvuvi ambaye kusi imemfunga nyumbani miezi miwili, ni mlima.

Basari zipo, nazo hutoka kwenye mifuko tofauti: ya kaunti, ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneobunge) kupitia ofisi ya eneobunge, na ya NGAAF. Omba zote. Wengi hujaza fomu moja wakasubiri jibu, na wakati huo nyingine zinafungwa. Weka bahasha moja nyumbani yenye nakala za cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho chako, barua ya kuitwa shule, ripoti ya muhula uliopita na orodha ya karo ya shule. Ikiwa mzazi mmoja amefariki, weka na cheti cha kifo. Fomu zikitangazwa huwa na siku chache, na anayeanza kutafuta cheti siku hiyo ameshachelewa.

Mjue pia kwamba kuna mvutano juu ya nani anapaswa kulipa. Kikatiba, kazi ya kaunti katika elimu ni chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini; shule za msingi na sekondari ni za serikali kuu. Kwa sababu hiyo, Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti zisitoe basari za sekondari na vyuo vikuu bila makubaliano rasmi na serikali kuu. Magavana wakapinga. Wanaposhindana wakubwa hao, orodha ya majina hukaa mezani na shule zimeshafunguliwa. Usitegemee basari ya muhula wa kwanza kulipa muhula wa kwanza. Nenda kwa mwalimu mkuu na barua ya maombi iliyopigwa muhuri, uombe muda. Wengi hukubali wakiona karatasi.

Binti yangu ana mimba. Shule yasema asirudi. Ni sawa?

Si sawa. Na nakuomba usome jibu hili hadi mwisho kabla hujamwambia binti neno lolote.

Kenya ina sera ya kuwarudisha shule wasichana waliopata mimba tangu mwaka 1994. Mwaka 2020 wizara ikatoa mwongozo wa kitaifa wa kuwarejesha wanafunzi, ulio wazi zaidi na wenye kuwagusa pia walioacha shule kwa sababu nyingine. Maana yake kwa maneno ya nyumbani ni hii: binti mwenye mimba asifukuzwe. Abaki darasani kadiri anavyoweza. Akijifungua, arudishwe. Mwongozo unataja miezi sita baada ya kujifungua, ili mtoto apate kunyonya vizuri, na familia ndiyo inayopaswa kusema nani atamlea mtoto mama yake akiwa darasani. Akiona aibu kurudi pale pale, asaidiwe kupata nafasi shule nyingine. Majirani zetu wa Tanzania walifikia kuruhusu jambo hili Novemba 2021 tu, baada ya mabinti wengi kufungiwa nje. Sisi tumekuwa na ruhusa kwa miaka thelathini na bado tunaisikia kama habari mpya.

Nilimsindikiza mama mmoja na binti yake kwenye shule nisiyoitaja. Mtoto mchanga alikuwa amebaki kwa bibi yake. Binti alivaa sare aliyoitoa sandukuni usiku ule, mkunjo wa pasi umeshika vibaya, na kifuani upande mmoja palikuwa pameanza kulowa maziwa. Alijifunika kwa mtandio. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alifunga faili lake, akasema kwa upole kwamba wazazi wengine watalalamika, na kwamba pengine cherehani ingemfaa zaidi. Nilimwekea mezani kurasa za mwongozo nilizozichapisha kwa shilingi kumi kumi katika duka la karibu na ngome. Akasoma. Akasoma tena. Akauliza kama anaweza kubaki na nakala. Binti aliingia darasani Jumatatu iliyofuata.

Nimefikiri sana juu ya asubuhi ile. Yule mwalimu hakuwa ameukataa mwongozo, hakuwa ameuona. Kwa hiyo usiende mikono mitupu. Nenda na karatasi, nenda na mtu mwingine mmoja, na mkikataliwa ombeni kukataliwa huko kuandikwe. Kisha mpande kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Kukataa kwa mdomo ni kwepesi, kwa maandishi huwa kuzito.

Na ikiwa siku ya mtihani wa taifa imemkuta hospitalini, mtihani humfuata huko. Husikia hayo kwenye habari kila mwaka, na ni kweli.

Familia mbili zimekubaliana. Mvulana atamwoa, au baba yake atalipa. Lazima twende polisi?

Ikiwa binti hajatimiza miaka 18, hilo si shauri la familia mbili. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inalihesabu kuwa unajisi, binti awe amekubali au hakukubali. Adhabu ni kifungo cha maisha kwa mtoto wa miaka 11 kushuka chini, si chini ya miaka 20 kwa wa miaka 12 hadi 15, na si chini ya miaka 15 kwa wa 16 hadi 18. Kesi ni ya Jamhuri. Wazee hawana uwezo wa kuifuta kwa maslaha, yaani suluhu ya kienyeji nje ya mahakama, na anayepokea pesa ili ushahidi upotee anajitia mwenyewe hatarini.

Najua uzito wa kusema hivi katika mji ambao sote ni ndugu. Nimekaa katika vikao vya maslaha, na katika kila kimoja niliangalia kama binti mwenyewe yupo. Hayupo kamwe. Yuko jikoni.

Akiwa ni mwalimu, kuna jambo la ziada. Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ilitoa waraka mwaka 2010 unaomtaka mwalimu yeyote mwenye habari za mwenzake kumdhulumu mwanafunzi kuziripoti ndani ya saa 24. Anayenyamaza naye anaadhibiwa. Kumhamisha shule nyingine ya kisiwa kingine si dawa.

Ameposwa, ana miaka kumi na sita, na mposaji ni mtu mwema. Je?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeweka miaka 18 kwa ndoa zote, za Kiislamu zikiwemo. Mtu mwema atangoja. Akisema hawezi kungoja, umeshamjua.

Shule aliyoitwa bara haitaki hijabu.

Hapa sheria bado haijanyooka. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu katika shule iliyohusika, iliyoko Isiolo. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi huo, kwa sababu ya namna dai lilivyowasilishwa mahakamani, si kwa kusema hijabu ni kosa. Kwa hivyo suala limebaki kwa kila shule na kanuni zake. Soma barua ya kuitwa kabla hujalipa chochote, piga simu uulize, na ukiweza pata jibu kwa ujumbe. Usimwache mtoto akalijue jambo hilo langoni na sanduku kichwani. Kama haiwezekani, omba uhamisho mapema.

Hana cheti cha kuzaliwa. Ataweza kufanya mtihani?

Atapata taabu, maana usajili wa wanafunzi wa wizara na wa mitihani hutaka namba ya cheti. Watoto wengi wa Kibajuni na wa vijiji vya msituni huzaliwa nyumbani kwa mkunga, na hakuna anayekwenda kuandikisha. Cheti cha kuchelewa kinawezekana: barua ya chifu, kadi ya kliniki ikiwepo, kitambulisho cha mzazi. Mzazi asiye na kitambulisho aanze na chake. Kwa miaka mingi watu wetu wamehojiwa na kuhojiwa kabla ya kupewa, na Februari 2025 serikali ikatangaza kuondoa usaili ule wa ziada kwa kaunti za mpakani. Mtoto akiwa gredi ya nne na hana cheti, anza leo.

Sisi wa msitu wa Boni tutafanyaje? Shule zetu zilifungwa.

Shule za wadi ya Basuba, huko msituni, zilifungwa kwa sababu ya usalama tangu mwaka ule wa mashambulizi ya Mpeketoni, 2014, na zilipofunguliwa mara nyingi zilikuwa na madarasa ya chini tu. Watoto wa Waboni waliotaka kuendelea walilazimika kuhamia shule za mbali, na katika kuhamia huko binti ndiye aliyebakishwa. Wanaopigania bweni karibu na vijiji hivyo, na walimu waliotoka katika vijiji hivyo hivyo, mimi niko pamoja nao. Sera yote niliyoieleza juu haimfikii mtoto ambaye darasa lake lina kufuli.

Mimi mwenyewe niliacha darasa la saba nikaolewa. Nina miaka thelathini na nane. Nimechelewa?

Hapana, dada yangu. Hakuna umri wa mwisho. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004, akiwa na miaka 84, kwa sababu tu alisikia masomo ni bure.

Kuna masomo ya watu wazima, yale tunayoyaita ngumbaru, chini ya idara ya serikali yenye afisa wake katika kaunti. Saa hupangwa na wanafunzi wenyewe, na kina mama wengi hupenda baada ya adhuhuri, chakula kimeshaiva na watoto wako chuoni. Aliyefika sekondari anaweza kufanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kama mtahiniwa binafsi. Usikawie katika hili, kwa kuwa darasa la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027. Asiyetaka mtihani kuna vyuo vya ufundi, na kozi za ngazi ya chini kule hazidai alama yoyote: upishi, ushonaji, umeme, ufundi wa injini za boti. Ndiyo, injini za boti, na mwanamke huzijua vizuri.

Kuna mama aliyeanza ngumbaru ili aweze kusoma jina la dawa ya mtoto wake wa pumu. Siku alipolisoma chupani mwenyewe, bila kumwita jirani, alinipigia simu akanisomea herufi moja moja. Nilimsikiliza mpaka mwisho.

Nilimaliza sekondari 2011. Cheti changu kimezuiliwa kwa deni la karo.

Sheria ya Baraza la Mitihani, KNEC, ya mwaka 2012 inasema cheti kisizuiliwe na mtu yeyote wala taasisi yoyote. Deni ni deni na shule inaweza kulidai kwa njia nyingine, lakini cheti ni chako. Andika barua, taja sheria hiyo, peleka nakala kwa mkurugenzi wa elimu. Wanawake wengi mno wa mji huu wanafanya vibarua wakati vyeti vyao viko kabatini mwa ofisi ya shule, karatasi zikigeuka rangi kwa chumvi ya hewa.

Na wavulana, mwalimu? Kila siku binti, binti.

Swali la haki. Wavulana wetu wanatoka shule kufuata uvuvi, pikipiki na pesa za ufuoni, na wengine wanaangamia kwa dawa za kulevya. Haki ya kifungo cha 53 ni yao pia, na mwongozo wa kurejea shule unawahusu. Anayenijia kwa ajili ya mwana wa kiume namsaidia vile vile. Ila mvulana aliyeacha shule akiwa na miaka 15 akirudi na 17 hakuna anayemuuliza mtoto amemwacha kwa nani.

Nikihitaji msaada wa haraka nipige wapi?

Namba 116 ni ya watoto, ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mwandikie kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, si kwenye simu tu, kwa kuwa simu si yake. Kuna pia afisa wa watoto wa kaunti, chifu wako, na dawati la jinsia kituo cha polisi.

Nikija kwako nije na nini?

Njoo na ile bahasha. Njoo na binti mwenyewe, kwa sababu nitamuuliza yeye kwanza anataka nini, kisha nitakuuliza wewe. Nipo nyumbani baada ya alasiri, isipokuwa Ijumaa. Ukitoka visiwani, angalia maji kwanza, usije ukakwama Mkanda na mtoto mchanga. Mimi nitangoja hata usiku.